Herufi Sita za Bonde la Nyagwe

Ijumaa, 4 Julai

Fumbo la maneno la kesho limenitoa jasho. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Kulia, namba moja: mji wa saruji wenye jabali katikati. TORORO. Hilo la kuwapa moyo wavivu. Namba tano: shairi lenye mishororo minne kila ubeti. TARBIA. Hapo madereva watalia. Kushuka, namba mbili: mto unaoingia Ziwa Viktoria kutoka magharibi. KAGERA.

Wiki iliyopita madereva wawili walipigana makonde mbele ya ubao wangu wa fumbo kwa sababu ya kisiwa cha Migingo, ni cha Kenya au cha Uganda. Mmoja Mkenya, mmoja wetu. Jino lilitoka. Mdogo wangu Mariamu alilifagia pamoja na maganda ya mayai. Nilisikia huruma kidogo na fahari nyingi. Malori yanasimama hapa Busia siku mbili, tatu, kungoja karatasi za forodha. Mtu akisimama siku tatu ama atagombana ama atafikiri. Kwenye ukuta wa hoteli ya mdogo wangu anafanya yote mawili.

Lililonisumbua ni Swali la Nyumbani. Kila wiki naweka moja la historia ya huku kwetu. Safari hii nimeuliza: nani wa kwanza kuchimba mfereji na kulima mpunga bonde la Nyagwe, kule Petta? Wengine wanasema Oboth, wengine wanasema Okello. Nilitaka kuweka Oboth. Ana herufi tano, na visanduku vilivyobaki ni sita, cha pili kina K ya Kagera. Okello ana sita, K iko mahali pake. Jua linazama, macho yanauma. Nimeweka Okello. Fumbo limefunga. Raha tupu.

Tena Okello ni babu mkuu wa mkwe wangu Owor. Watafurahi hao.

Jumamosi, 5 Julai

Watu kama arobaini. Wakala mmoja wa forodha kutoka upande wa Kenya alikaa juu ya kreti la soda akikuna kichwa. Akasema, "Madam, hii ya shairi ni ngori." Nilimwambia angesoma alipokuwa shule badala ya kurusha mawe kwenye maembe.

Othieno alikuja saa nane na pikipiki yake ya boda. Nilimfundisha darasa la sita na la saba. Ndiye anayeshinda Jumamosi nyingi, chai na chapati za Mariamu wiki nzima ni zake. Leo alijaza vyote kwenye karatasi yake akaacha Swali la Nyumbani na K peke yake. Akavua helmeti, akanijia pembeni, kwa adabu.

"Mwalimu, hiyo jibu iko na makosa. Mufereji ilichimba babu yetu Oboth. Wewe futa tu, ikwishe."

Alisema taratibu. Angesema mbele ya watu ningekasirika, na kwa kuwa alisema taratibu nilikasirika zaidi. Alikuwa ananipa nafasi ya kutoka. Nani amemwomba? Nikageuka nikasema kwa sauti ya darasani: kumbe Othieno ndiye mwalimu wa historia siku hizi! Watu wakacheka. Nikaona tamu, nikaendelea. Nikasema huyo Oboth wao angekuwa na akili ya kuchimba mfereji, angekuwa pia na jina linaloenea kwenye visanduku.

Walicheka muda mrefu. Nikachukua chaki nikaandika OKELLO mwenyewe, herufi kubwa. Simu zikatoka, wakapiga picha. Othieno alivaa helmeti yake akaondoka bila kunywa chai.

Sikujisikia vibaya. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 6 Julai

Mariamu anasema nimepita mpaka. Nimemwambia ashughulike na chapati.

Jumatano, 9 Julai

Binti yangu Hadija, mke wa Owor, amepiga simu anacheka mpaka hasikiki. Picha ya ubao imezunguka kwenye wasap ya kijiji chao. Owor ameipeleka mjini ikachapwa kubwa, kisha akaenda nayo kwa mwenyekiti wa kijiji. Miaka mitatu watu wa Okello na watu wa Oboth wanagombania lile bonde, hakuna karatasi, wazee waliojua wamekufa. Sasa wana historia ya Mwalimu Zubeda. Mwenyekiti ameibandika kwenye daftari lake akaipiga mhuri.

Mhuri juu ya chaki yangu!

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Kisha akasema mama mkwe wake amemchinjia kuku leo, mara ya kwanza tangu aolewe. Miaka tisa kule Petta wanamwita yule Mwislamu wa mjini. Miaka tisa anachota maji, anapalilia mpunga wao, na sahani yake inakuja ya mwisho. Leo amepewa paja.

Nikasema, hongereni.

Ijumaa, 11 Julai

Wadogo zake Owor waling'oa mimea ya mpaka jana asubuhi. Wakaipanda upya hatua arobaini ndani ya shamba la Oboth. Na nakala ya picha ya ubao wameitundika juu ya mti mmoja, imefungwa na kamba.

Leo majibu yamekuja. Maksai wawili wa Owor wamekatwa mishipa ya miguu ya nyuma. Hadija aliwaona wanapanda kutoka bondeni kwa magoti, wanajiburuta, wanalia. Anasema hakujua ng'ombe analia vile. Ilibidi wachinjwe pale pale njiani. Awor, mjukuu wangu wa miaka minane, alikuwa amewapa majina wote wawili.

Waliofanya hivyo wakatwe wao hiyo mishipa. Naandika nikiwa na akili timamu.

Fumbo la kesho nimemaliza hata hivyo. Swali la Nyumbani hakuna.

Jumamosi, 12 Julai

Saa sita mchana. Pikipiki tatu. Othieno hakuwamo. Wanaume watatu wa Oboth na nyundo ya kuvunjia mawe. Walipiga ubao mpaka ukatoka ukutani na plasta yake. Mariamu alijaribu kumzuia mmoja. Alisukumwa, karai la mafuta ya chapati likamwagika mguuni. Ngozi ya mguu wake ilinyanyuka mbele ya macho yangu.

Wawili walikimbia. Wa tatu pikipiki haikuwaka. Madereva walimshika. Walimpiga kwa spana ya magurudumu, kwa mateke, kwa jeki. Alianguka wakampiga akiwa chini. Alikuwa anaita mama yake kwa lugha yao.

Na mimi nilimpiga. Nilivua kiatu nikamgonga kichwani, mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye pensheni ya serikali. Mara tatu. Ya tatu ilikuwa tamu.

Polisi walimbeba. Sijui kama atasikia tena kwa sikio la kushoto. Mariamu amelala kwangu, hawezi kuvaa hata kanga. Na sijuti.

Jumatatu, 14 Julai

Saa nne asubuhi Hadija alipiga. "Mama, wanatuchoma." Simu ikakatika. Nilipiga mara hamsini. Nilipiga mpaka chaji ikaisha, nikaenda kwa jirani, nikapiga tena.

Saa kumi nikapata habari kutoka kwa dereva wa pikapu anayebeba mpunga. Naandika kama alivyosema. Watu wa Okello waliingia bondeni kuvuna upande mpya. Watu wa Oboth walikuwa wanangoja ndani ya matete. Mapanga pande zote mbili. Owor alikatwa kichwani, kutoka sikioni mpaka kwenye nyusi. Kabla hajaanguka alimpiga Othieno. Othieno aliinua mkono kukinga. Vidole vitatu vimebaki majini.

Kisha wadogo zake Owor wakapanda juu kwenye mji wa Oboth wakawasha moto. Ndani ya nyumba ya nyasi alikuwemo baba yake Othieno, mzee aliyepooza miguu. Wanasema hawakujua. Watoto wote wa kijiji wanajua yule mzee haondoki kitandani. Alitolewa akiwa hai.

Ndipo watu wa Oboth wakaja kuchoma kwa Owor. Nyumba, ghala, jiko, banda la mbuzi na mbuzi ndani. Hadija alikimbia na Awor, na mtoto wake mchanga mgongoni, akapita majini, maji ya shingo. Kuna aliyemfikia. Panga la begani. Hakumwona uso.

Yuko hai. Wote watatu wako hai. Nimewatandikia mikeka mitatu.

Jumanne, 15 Julai

Wamekuja na pikapu. Hadija ameshonwa bega, nyuzi kumi na moja. Awor hasemi. Mtoto ananyonya kama kawaida.

Na Owor. Alishonwa hospitali Tororo, kisha akatoroka wodini, kwa sababu watu wa Oboth wamelazwa humo humo na ndugu zao wanazunguka na visu. Sasa yupo uani kwangu. Kwao mkwe haingii nyumba ya mama mkwe, hali naye, hamshiki mkono, hata njiani anapisha. Miaka tisa hajawahi kunitazama usoni. Nilimwambia aingie, anavuja damu, adabu zitangoja. Alikataa. Akalala kwenye turubai la lori chini ya ukuta.

Mtu wa kumfunga upya alikuwa mimi tu. Hadija mkono haupandi, Mariamu mguu hauendi. Nikachemsha maji ya chumvi. Owor alivuta shuka akafunika macho yake asinione, akaniachia kidonda. Kilikuwa wazi kwa chini. Nilisafisha. Alishika turubai kwa ngumi. Chini ya shuka machozi yalikuwa yanatiririka, na mimi mikono yangu ilikuwa imejaa damu yake, nikafikiri: hii ni kwa ajili ya K.

Jumatano, 16 Julai

Tororo, na Hadija, kubadilisha bandeji. Kwenye korido ya wodi ya wanaume kulikuwa na kitanda chenye neti. Ndani yake mzee. Sitaandika nilichoona. Harufu ilinifuata mpaka stendi.

Othieno alikuwa amekaa kando ya kitanda, mkono umefungwa mpaka umekuwa mpira. Aliniona. Sikuona chuki. Alikuwa anangoja niseme kitu, jinsi alivyokuwa akingoja darasani nimalize kuandika swali ubaoni.

Nikajifanya natafuta choo.

Hadija aliniuliza kwa nini naharakisha. Nikasema njaa. Tukanunua rolex pale nje, mayai na chapati ya moto. Yangu nilimpa kondakta kabla ya basi kuondoka.

Alhamisi, 17 Julai

Baba yake Othieno amefariki alfajiri.

Sikuwasha ule moto. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi, nikiosha vyombo, nikianika nguo. Ni kweli tupu. Sijisikii nafuu hata kidogo.

Nilikuwa najua. Hilo ndilo. Ningekuwa nimekosea tu ningelala. Nilijua kwamba sijui, nikaandika kwa herufi kubwa. Kijana akaja kuniambia kwa adabu na mimi nikamfanya kichekesho, kwa sababu watu arobaini walikuwa wanatazama.

Owor amesikia. Akaomba chai.

Jumamosi, 19 Julai

Barua kutoka kwa mwenyekiti. Jumanne kuna baraza kijijini, watakuja polisi na afisa wa wilaya. Nimeitwa kama shahidi. Wameandika "mtaalamu wa historia".

Madereva watatu walikuja kuuliza kama fumbo litachorwa kwenye mlango badala ya ubao. Niliwafukuza na ufagio. Mmoja aliomba radhi. Nikamrushia ufagio wenyewe.

Jumatatu, 21 Julai

Mzee wamemzika Jumamosi. Watu wa Oboth wamesema wakinyang'anywa bonde kesho, hawatangoja jua lizame. Watu wa Okello wamesema hivyo hivyo. Polisi watakuja saba. Nimeuliza. Saba!

Afisa amekwishasema atakavyoamua. Hati hakuna, basi ataenda na ushahidi wa mwalimu. Nikisema Okello, nyumba kumi na moja za Oboth zinahama na bonde linabaki kwa watoto wa Hadija. Nikisema vingine, Hadija hana nyumba, hana shamba, na hana hata ile sahani ya mwisho.

Hadija amekaa na mimi jikoni tangu alasiri. Alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja. Hakulia. Alisema hivi, polepole, kama anayemweleza mtoto:

"Mama, mimi siombi nyumba. Siombi chochote. Sema tu neno moja. Wewe si ulishaandika? Sema ulivyoandika."

Nikamwuliza, na kama si kweli?

Alinitazama. Nadhani alielewa palepale. Akaendelea kuchambua mchele. Akasema, "Basi usiniambie."

Jumanne, 22 Julai

Naandika kwa shida, taya limevimba.

Baraza lilikuwa kwenye kiwanja cha kanisa. Watu wa Oboth kushoto, watu wa Okello kulia, katikati hatua kama thelathini za majani na polisi saba. Mapanga yaliambiwa yabaki nyumbani. Nyuma ya kanisa niliyaona yamerundikwa kama kuni, kila upande na rundo lake na kijana wa kulinda.

Mwenyekiti alionyesha picha yangu yenye mhuri. Afisa wa wilaya akaniita mbele, akaniuliza kama maandishi ni yangu. Nikasema ni yangu. Akaniuliza, basi kwa elimu yako, nani alichimba ule mfereji?

Hadija alikuwa safu ya kwanza, mtoto mapajani. Owor nyuma yake, kichwa kimefungwa. Othieno upande wa pili amesimama, mkono kwenye kitambaa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalikwenda.

Nikasema: sijui. Nikasema niliweka Okello kwa sababu nilikuwa na visanduku sita na herufi ya K. Oboth hakuenea. Nilikuwa nimechoka na nilitaka fumbo lifunge. Othieno alikuja kuniambia siku ile ile, kwa adabu, na mimi nilijua anaweza kuwa anasema kweli, nikamcheka mbele ya watu.

Mtoto mmoja alikohoa. Mzee mmoja wa upande wa Oboth akauliza kwa Kiswahili chake, "Kisanduku? Mutu imekufa sababu ya kisanduku?" Afisa akaandika kitu, akakata, akaandika tena.

Owor alivuka yale majani sikumwona. Nilisikia tu watu wanavuta pumzi. Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni, ya pili tayani. Nilianguka chali. Alipiga teke la mbavu. Alikuwa ananiangalia machoni, mara ya kwanza katika miaka tisa. Wanawake wa kwao walipiga yowe, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya jambo lenyewe: mkwe kumgusa mama mkwe. Baba zake wadogo ndio waliomwangusha. Walimpiga vibaya, ndugu zake mwenyewe, walimpiga kwa viatu na kwa fimbo za kutembelea mpaka nyuzi za kichwa zikafumuka, na polisi wakamtoa chini yao na pingu. Walikuwa wanamtafuta hata hivyo, kwa vidole vya Othieno.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyekwenda nyuma ya kanisa. Wote walibaki wamesimama wanatazama aibu ile. Nadhani hiyo ndiyo iliyookoa watu leo, wala si ukweli wangu.

Othieno alinikuta nimekaa kwenye ngazi za kanisa natema damu. Nilisema nisamehe. Alichuchumaa.

"Mwalimu, kama ulisema ile siku, baba iko hai."

Hakuniinulia sauti. Akaondoka.

Jumatano, 23 Julai

Jino moja limetoka, mbavu zinauma nikicheka, bahati nzuri sina sababu. Wazee wa Okello wametuma mtu: watachinja kondoo kusafisha lile la mkwe, na mpaka hapo Hadija asikanyage kwao. Kisha wakaongeza kwamba hata baada ya hapo asikanyage. Mama mkwe wake ndiye aliyeongeza.

Owor yuko mahabusu. Wadogo zake wawili wamekamatwa kwa ule moto. Wa tatu anasemekana amevukia Kenya.

Hadija hajasema nami tangu jana. Anapika, ananiwekea chakula, anageuka.

Jumapili, 27 Julai

Afisa amefunga bonde. Hakuna wa kulima wala kuvuna mpaka wapimaji waje kutoka wilayani, na hawajasema watakuja lini. Mpunga umeiva unaliwa na ndege. Pande zote mbili zinakaa juu zinatazama.

Nilikwenda na Mariamu kwenye matanga kwa Oboth. Alichechemea njia nzima ananilaani. Mwanamke mmoja alinitemea mate, yakanipata kwenye mtandio. Mwingine akanipa kiti. Nilikaa saa mbili. Othieno alipita mara moja na ndoo ya maji, anaibeba kwa mkono wa kushoto, akanikwepa kama unavyokwepa jiwe. Hajarudi Busia. Pikipiki inahitaji mikono miwili.

Ijumaa, 1 Agosti

Mafundi wamepiga plasta upya kwa Mariamu. Wakaniuliza ubao uwekwe urefu gani. Nikawaambia wapake rangi tu.

Nilimsikia Hadija anaongea na mtoto chumbani, anamwimbia. Nilisimama mlangoni. Alipoona kivuli changu alinyamaza. Inauma kuliko taya. Ningependa apige kelele, avunje sahani, anipige hata yeye. Nilimlea mtoto wa kupiga kelele.

Jumapili, 3 Agosti

Mvua tangu adhuhuri. Malori yamezima injini, barabara kimya. Mariamu amelala. Nimekaa mezani na Hadija, yeye anashona sare ya Awor, aliyeanza shule hapa mjini Jumatano. Bega limepona kiasi, mkono unafika mpaka kwenye sindano.

Awor alikuwa anafanya kazi ya shule sakafuni. Bado anasema maneno machache, lakini anasema. Akainua kichwa.

"Bibi, ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni gani?"

Hilo hata mbuzi wa Busia anajua. Nimelifundisha miaka thelathini na nne. Lilikuja mdomoni lenyewe, na sauti yake ya darasani.

Nikalimeza. Nikamwambia angoje kidogo. Nikainuka, mbavu zikanikumbusha, nikashusha kitabu cha ramani kutoka juu ya kabati nikakifuta vumbi. Nikafungua ukurasa wa Afrika. Maandishi madogo, siyaoni. Nikapapasa meza.

Hadija, ambaye hajasema nami siku kumi na mbili, alinisogezea miwani. Hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

Nikasoma. Awor akaandika.